Ziwa Likipata Joto, Dagaa Atakula Nini?

Soko la Mbuyuni hapa Moshi, bei ya dagaa wa Kigoma ikipanda, hakosekani wa kusema: "Subirini, joto linaongezeka, samaki watazaliana mpaka mchoke." Wazo hili halikuzuka hivihivi, maana perege wa bwawa la Nyumba ya Mungu kweli hupenda maji ya uvuguvugu. Ila samaki lazima ale.

Maji ya moto ni mepesi, hukaa juu. Mbolea iko chini kwenye baridi, ambako mwani na samaki waliokufa huzama wakaozea. Upepo ndio mwiko: ukikoroga, mbolea inapanda, mwani unaota, vijidudu vinakula mwani, dagaa anakula vijidudu, mgebuka anamla dagaa. Tabaka la juu likizidi kupata joto, mwiko haufiki chini.

"Nyuzi moja tu ina neno gani?" Kubwa! Ndoo ya maji ikitoka nyuzi 29 hadi 30 hupungua uzito zaidi ya mara 30 ya inavyopungua ikitoka 4 hadi 5. Ndiyo maana maziwa yetu ya joto hayahitaji ongezeko kubwa ili yagome kukorogeka. Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470 hivi, lakini oksijeni haivuki mita 250. Utafiti wa 2003 ulikadiria kuwa uzalishaji wa mwani wake ulishapungua kwa asilimia 20 hivi.

Wengine huwabebesha wavuvi lawama zote. Nyavu haramu sizitetei, ila tope lenye mabaki ya samaki wa zamani lililochimbwa sakafuni mwa ziwa hilo, matokeo yakatolewa 2016, lilionyesha samaki wakipungua hata kabla ya uvuvi mkubwa wa kibiashara kuanza katikati ya karne ya 20.

Kwenye mabwawa ya kina kifupi upepo hukoroga kirahisi. Huko kinachodanganya ni ukijani. Watu wakiuona husema chakula kimejaa. Kumbe mara nyingi ni bakteria wapenda joto wanaoelea juu, vijidudu huwala kwa shida, na baadhi wana sumu. Wakifa, kuoza kwao kunamaliza oksijeni, nayo tayari ni haba: lita ya maji ya nyuzi 20 hubeba miligramu 9 hivi, ya nyuzi 30 kama 7.5. Perege huja juu akitweta. Kambare huvuta hewa ya nje, hana haraka. Muuzaji akikwambia bwawa fulani siku hizi linatoa kambare watupu, muulize maji yake yana rangi gani.