Springi ya paundi ngapi? Shokapu za nyuma kwenye pikipiki kongwe za trayali

Mpwa wangu anaendesha bodaboda Tanga. Nilipomtumia picha ya Bultaco Sherpa T, pikipiki kongwe ya trayali niliyokuwa naifufua, alijibu papo hapo: "Mjomba, mbona springi zake nyembamba hivyo? Huku zingelala siku ya kwanza." Kwa kazi yake, amesema kweli. Anabeba abiria wawili na wakati mwingine gunia la mkaa, kwa hiyo anataka shokapu isiyolala. Mimi nataka iliyo laini, na karibu kila pikipiki ya aina hii ninayoletewa hapa Uingereza imefungwa springi ngumu kupita kiasi.

Trayali ni mchezo wa kupita juu ya mawe, mizizi na vijito kwa mwendo wa mtu anayetembea, dereva akiwa amesimama juu ya vikanyagio. Mguu ukigusa chini mara moja unaandikiwa pointi 1, ukishindwa kabisa unaandikiwa 5, na mwenye pointi chache ndiye mshindi. Kasi haina faida hapo. Kinachotafutwa ni tairi la nyuma ling'ang'anie jiwe lenye utelezi, na springi ngumu hulirusha tairi juu kila linapogonga. Sammy Miller, dereva maarufu wa trayali, aliifanyia kazi Sherpa T pamoja na Bultaco kule Uhispania mwaka 1964, na mwaka 1965 akashinda nayo Scottish Six Days Trial, mashindano ya trayali ya siku sita kule Scotland. Ni pikipiki nyepesi, chini ya kilo 100. Dereva akishapanda, yeye mwenyewe ni karibu nusu ya mzigo wote. Kwa hiyo kabla hujauliza shokapu ya kampuni gani, panda kwenye mizani ukiwa umevaa buti na helmeti.

Ugumu wa springi hizi bado unatajwa kwa paundi za uzito (si za pesa) kwa kila inchi: 40, 50, 60. Springi ya 50 inahitaji paundi 50, yaani kilo 22.7, ili ijibane milimita 25.4. Zile kuukuu rangi na namba zimeshafutika, nami siamini macho yangu kwenye springi. Waya ukitoka milimita 6.5 kwenda 7, huku upana na idadi ya mizunguko vikibaki vilevile, ugumu unaongezeka kwa theluthi moja. Nani ataona nusu milimita kwa macho? Ninaweka mizani ya kupimia watu chini ya drili ya mezani, naisimamisha springi juu yake ikiwa na chuma katikati ili isichomoke, naibana kidogo hadi ikae vizuri, kisha naibana inchi moja zaidi na kusoma kilo zilizoongezeka. Zikiwa 18 ni springi ya 40, zikiwa 23 ni ya 50, zikiwa 27 ni ya 60.

Sasa hesabu ambayo wengi huiruka. Shokapu haikai juu ya ekseli kabisa. Iko mbele yake kidogo, tena imeinama kidogo. Toa springi, rudisha shokapu tupu, kisha inua gurudumu kutoka chini kabisa hadi juu kabisa ukipima mwendo wa gurudumu na mwendo wa shokapu. Kwenye Sherpa hii gurudumu lilipanda milimita 100, shokapu ikajibana 85. Uwiano ni 0.85, na unauzidisha kwa wenyewe, kwa sababu mkono wa nyuma unaoshika gurudumu unapunguza nguvu ya springi na unapunguza mwendo wake pia. Unapata 0.72. Springi mbili za 50 zinakuwa 2 × 50 × 0.72, yaani paundi 72 kwa inchi pale kwenye gurudumu, au karibu kilo 1.3 kwa milimita. Kadiri shokapu inavyoinamishwa au kusogezwa mbele, namba hiyo inashuka haraka. Ndiyo maana springi iliyomfaa rafiki yako kwenye pikipiki nyingine haikuambii chochote kuhusu yako.

Mwenye Sherpa hii ana kilo 75. Nilipotoa uzito wa gurudumu lenyewe, springi za nyuma zilibaki na mzigo wa kilo 78 hivi akiwa amesimama. Gawanya kwa 1.3, unapata milimita 60. Springi zilikuwa zimeshabanwa milimita 20 wakati wa kufungwa, ambazo kwenye gurudumu ni kama 23, basi gurudumu linazama milimita 37. Hiyo ni zaidi kidogo ya theluthi ya mwendo wote, na ndipo ninapopataka. Springi za 60 alizokuja nazo zilikuwa zinazama 27 tu.

Alikuwa ameambiwa na aliyemuuzia alegeze tu ringi ya chini, ile inayoibana springi kwenye shokapu. Ringi ile inainua au kushusha pikipiki, lakini springi ya 60 inabaki ya 60. Kipimo changu cha haraka: pikipiki ikisimama peke yake bila dereva, nyuma izame walau kidogo. Isipozama hata kidogo, gurudumu halina nafasi ya kushuka kwenye shimo lililo nyuma ya jiwe, nalo linabaki linaelea.

Shokapu zenye gesi zina jambo lao. Gesi yenye mgandamizo wa bar 10 ikisukuma fimbo ya milimita 12 inaongeza karibu kilo 11.5 kila upande, kabla springi haijafanya lolote. Ukihama kutoka za mafuta matupu kwenda za gesi, pima upya.

Urefu nao usibahatishe. Shokapu ndefu zaidi inainua nyuma, usukani unakuwa mwepesi kugeuka lakini foku ya mbele inabeba uzito zaidi, na mnyororo unashuka kwa pembe kali. Mimi hubaki kwenye urefu wa kiwandani, kati ya katikati ya tundu la juu na la chini, hadi dereva anipe sababu.

Upande wa mafuta ya ndani ya shokapu, yanayotuliza mruko wa springi, bonyeza kiti kwa nguvu uachie. Nyuma irudi upesi mara moja na kutulia. Ikirudi polepole, kwenye ngazi ya mawe itajibana zaidi kwa kila jiwe hadi ibaki chini. Fanya jaribio hili tairi likiwa na upepo wa mashindano, psi 4 au 5, maana tairi laini kiasi hicho ni springi ya tatu.

Mpwa wangu alipoona hesabu hii aliuliza kama inafaa kwa bodaboda. Inafaa, nikamwambia, ila apime abiria wote wawili wakiwa wamekaa.