Chuo kikuu kwanza au sekondari kwanza? Jibu liko miguuni mwa mtoto wa kidato cha kwanza

Ukikaa Ngamiani, hapa Tanga mjini, jioni, pale panapouzwa kahawa na kashata, hoja hii haikosi msemaji: Tanga imeachwa nyuma kwa sababu haina chuo kikuu kikubwa. Dodoma wamepata chuo kikuu chao, UDOM, tangu 2007, Morogoro wana Sokoine na Mzumbe, Iringa vyuo vimepangana, na sisi tuliotangulia kwa bandari na reli tumebaki kusimulia habari za mkonge. Hoja inavutia, nami niliiamini kwa muda. Kilichonitoa humo ni swali dogo tu: hicho chuo kikifunguliwa kesho asubuhi, nani ataingia?

Ataingia Mtanzania yeyote mwenye prinsipo mbili (masomo mawili aliyofaulu kwa kiwango cha juu) za kidato cha sita zinazotakiwa na kozi yake, au stashahada inayokubalika. Chuo kinaangalia vyeti, hakiulizi kama umezaliwa Pangani au Bukoba. Kwa hiyo chuo kikuu kilichojengwa Tanga hujazwa kwanza na watoto wa kule kwenye sekondari nzuri, popote walipo. Kijana wa wilaya yetu ya Kilindi aliyepata sifuri kidato cha nne atakifahamu chuo hicho kwa kuuza mihogo ya kukaanga getini. Si kwamba naidharau biashara hiyo. Wenye vyumba vya kupangisha watafurahi, mama lishe na bodaboda vilevile. Lakini tukisema chuo kimeinua elimu ya mkoa, tutakuwa tumehesabu vichwa vya wageni.

Watu wa Tanga husema waja leo, kuondoka majaaliwa. Kwa wanachuo ni kinyume. Wanajua siku ya kuondoka tangu siku ya kuja.

Tofauti kubwa kati ya ngazi hizi mbili ni umri wa anayesafiri. Mwanachuo ana miaka 20 hivi. Anapanda basi, analala safarini, anajitafutia chumba. Tangu Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu ianze kazi mwaka 2005, anayepata mkopo hupewa pia fedha za chakula na malazi, chuo kiwe Mwanza au Mbeya. Umbali haumzuii sana. Sasa mtazame binti wa miaka 14 aliyechaguliwa kidato cha kwanza katika shule ya kata isiyo na bweni, kilomita saba au nane kutoka kwao. Hakuna bodi ya mikopo kwa ajili yake. Ama atembee alfajiri na kurudi magharibi, ama wazazi wampangie chumba karibu na shule, kile ambacho wenyewe wanakiita geto, akae humo bila mtu mzima. Kila mzazi wa Handeni anajua geto humaliza masomo ya mabinti wangapi. Ada ilifutwa hadi kidato cha nne mwaka 2016, na kwa kidato cha tano na sita mwaka 2022, lakini njia haikufupishwa.

Ndiyo maana nasema sekondari lazima imfuate mtoto, ilhali chuo kikuu mtoto anaweza kukifuata.

Historia ya Tanga yenyewe ina somo hapa. Shule ya kwanza ya serikali katika nchi hii ilifunguliwa Tanga mwaka 1892, wakati wa Wajerumani. Haikuwa ya misheni, kwa kuwa Waislamu wa pwani hawakuwa tayari kuwapeleka watoto wao kwa mapadre na wachungaji, na serikali ilihitaji makarani na wakalimani kwa haraka. Wengine waliosoma pale walifanywa walimu na kupelekwa kwenye shule ndogo za ndani. Tulianza mbele ya wote, basi. Imekuwaje Kilimanjaro ikatupita? Kule misheni zilitapakaza shule mlima mzima, na baadaye wazazi na makanisa wakaongeza sekondari zao juu ya zile za serikali. Hawakungoja chuo kikuu. Chuo cha Ushirika cha Moshi kilianza 1963 kufundisha mambo ya ushirika, kikawa chuo kikuu kishiriki mwaka 2004, na chuo kikuu kamili mwaka 2014. Miaka yote hiyo watoto wa Uchagani walikuwa wakijaza madarasa ya Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakitokea shule za nyumbani. Hata Bagamoyo hapa jirani, shule ya wasichana ya Marian ndiyo iliyotangulia, chuo kikuu kishiriki cha Marian kikafuata.

Mtu anaweza kunibishia kwa mfano wa nchi nzima, na mfano wake una nguvu. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza Oktoba 1961, wiki chache kabla ya uhuru, kikiwa tawi la Chuo Kikuu cha London lenye kitivo kimoja cha sheria na wanafunzi wasiofika 20. Sekondari zilikuwa za kuhesabu. Je, Nyerere alikosea kuanzia juu? Sidhani. Taifa jipya lilihitaji mawakili, mahakimu na maofisa wake lenyewe, na lisingeweza kuwaomba kwa jirani milele. Mkoa hauna shida hiyo. Mkoa ukikosa daktari au mwalimu, anatoka Dodoma kwa barua ya kupangiwa kituo. Ila gharama ya kuanzia juu ilikuja kulipwa na watoto: kwa miaka mingi, hadi miaka ya 1980, waliochaguliwa kwenda sekondari za serikali hawakufika 10 katika kila wahitimu 100 wa darasa la saba.

Tulipoamua kufungua mlango, tulifungua kwa kishindo. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari ulioanza 2004 ulileta shule za kata. Majengo yakapanda haraka kuliko walimu. Waliomaliza kidato cha sita wakapewa mafunzo ya wiki chache na leseni ya kufundisha, na wanafunzi, ambao hawana simile, wakawabatiza jina la “voda fasta”. Walimu wa kweli hawapikwi hivyo, na ili kuwapata wenye shahada, mwaka 2005 vyuo vya ualimu vya Chang'ombe na Mkwawa vikageuzwa kuwa vyuo vikuu vishiriki vya elimu. Yaani ni sekondari zilizozaa vyuo vikuu, kwa njaa yake ya walimu. Hata hivyo mavuno yalichelewa. Mtihani wa kidato cha nne wa 2012 ulitoka na sifuri zaidi ya 240,000, kama asilimia 60 ya waliofanya, mpaka serikali ikaunda tume na matokeo yakapangwa upya.

Hapo ndipo penye fundo, na chuo kikuu kinaingia kwa mlango wa nyuma. Sekondari nzuri ni mwalimu, na mwalimu mwenye shahada hutoka chuo kikuu. Mzee mmoja wa barazani kwetu husema ni kuku na yai. Simkubalii moja kwa moja. Mwalimu wa fizikia si lazima azalishwe Tanga. Anaweza kuzalishwa Mkwawa. Kinachotakiwa ni akae Kilindi akishafika. Na anayeripoti kijijini akakuta hakuna nyumba ya mwalimu, maji ni ya kununua kwa dumu, na mshahara unafuatwa kwa nauli, huanza kuandika barua ya uhamisho kabla hajamaliza mhula. Bilioni moja ya chuo na bilioni moja ya nyumba za walimu hazina uzito sawa kwa mtoto wa kidato cha pili.

Sisemi kampasi ya Chuo Kikuu cha Mzumbe iliyopangiwa Mkinga irudishwe. Ije. Ikiwa na kozi za ualimu wa sayansi na hesabu, wanachuo wake watahitaji shule za kufanyia mazoezi ya kufundisha, na ningependa wapelekwe Mkinga na Handeni ndani kabisa, si sekondari za Usagara na Galanos mjini ambako walimu wapo. Baadhi yao watazoea. Wengine wataoa au kuolewa huko, na hiyo ndiyo njia ya uhakika kuliko zote ya kumbakiza mwalimu.

Lakini foleni ina mpangilio wake, na saa inakwenda. Kwa mtaala mpya, elimu ya msingi imepunguzwa kuwa miaka sita, na elimu ya lazima inafika kidato cha nne. Mwaka 2027 darasa la sita na la saba watamaliza pamoja. Januari 2028 mlango wa kidato cha kwanza utagongwa na mikondo miwili kwa mpigo, na hao wote kwa sasa bado wanasoma shule ya msingi, wengine wakikaa chini.