Akaunti ya biashara au ya mtengeneza maudhui? Uliza kwanza mteja analipia nini

Karibu kila mteja anayenikabidhi ukurasa wake wa Instagram huniuliza swali hili, na wengi huuliza wakiwa tayari na hofu: wamesikia kwamba ukichagua "biashara", Instagram wanakubania ili ulipie matangazo. Mwaka 2018 Instagram wenyewe waliwaeleza waandishi wa habari kuwa aina ya akaunti haimwongezei mtu nafasi ya kuonekana, kwa hiyo kuhama hakusaidii. Ninavyoona mimi, mtu akishatoka kwenye akaunti ya kawaida ndipo anapoziona takwimu kwa mara ya kwanza, na anashtuka kukuta posti yake imewafikia watu wachache vile. Walikuwa wachache tangu zamani, ila hakuwa na pa kuwaona.

Akaunti hizi mbili zinafanana kuliko watu wanavyodhani. Zote zina takwimu, zote zinaweza kusponsa posti, yaani kuilipia iwafikie watu wengi zaidi, zote zina kitufe cha mawasiliano. Panapouma ni kwenye muziki.

Nyimbo za wasanii zimo Instagram kwa mikataba ya matumizi binafsi, siyo ya kuuzia bidhaa. Ndiyo maana fundi cherehani mwenye akaunti ya biashara akitafuta kibao cha Bongo Fleva kinachotamba wiki hii, akiweke kwenye rili ya gauni la kitenge, mara nyingi anaishia kwenye midundo isiyo na msanii anayemjua, kama ule muziki wa kusubirishwa kwenye simu. Anahamia kwa watengeneza maudhui, wimbo unapatikana, rili inapendwa. Sasa anataka kuiwekea hela iwafikie akina mama wa Mwanza na Arusha. Inakataliwa, kwa sababu posti yenye wimbo wa hakimiliki haisponswi hata ukiwa na akaunti ya namna gani.

Kwa hiyo muuzaji asihame kwa ajili ya wimbo. Fundi namwambia arekodi bila muziki: cherehani ikipita kwenye kona ya mfuko, mkasi ukikata, na yeye mwenyewe akieleza kwa nini kitambaa hiki hakichuji. Video hiyo ni yake, ataisponsa leo na mwezi ujao. TikTok nako ni hivyo hivyo: akaunti ya biashara inabaki na maktaba ya muziki wa kibiashara tu.

Mimi hupima kwa kuuliza watu wanalipia nini. Wanalipia gauni, keki, kiti cha saluni? Biashara. Wanakulipia wewe, yaani sura yako, sauti yako, vichekesho vyako, na kampuni zinakutafuta uzitangaze? Mtengeneza maudhui. Anayepamba maharusi yuko katikati, na mimi humweka kwenye biashara, kwa sababu bibi harusi anataka namba ya simu na mahali ulipo kabla ya kitu kingine chochote. Siku kampuni za vipodozi zikianza kumlipa kuliko maharusi, atabadilisha. Si ndoa ya kanisani hii.

Muuzaji ana sababu nyingine ya kuchagua biashara, nayo ni ya kwetu. Mauzo hayaishii Instagram. Mteja anaandika "bei?", anajibiwa "njoo DM", anahamia WhatsApp, analipa kwa lipa namba, na kila hatua inapunguza watu. Unganisha akaunti ya biashara na WhatsApp Business ili mteja abonyeze mara moja tu. Na bei andika, jamani. Kuificha hakujawahi kumsaidia mteja wangu yeyote.

Ndugu zangu wa Kenya, kuchagua aina ya akaunti hakuhusiani na kodi. Sheria ya Fedha ya 2023 iliweka makato ya asilimia 5 kwenye malipo ya maudhui ya kidijitali kwa wakazi, na haikuuliza akaunti yako ni ya aina gani.

Kabla hujabonyeza, angalia jambo moja: akaunti hizi zote mbili haziwezi kuwa za faragha. Kama ukurasa ulikuwa wa faragha, maombi yote ya kukufuata uliyokuwa umeyakalia yatakubaliwa yenyewe, na picha za watoto wako zitaonekana na kila mtu. Ukurasa ulioanza kama wa familia uuache ulivyo, ufungue mwingine wa kazi.