Kupungua kwa Nyuki: Maana Yake na Sababu Zinazotajwa

Kupungua kwa nyuki ni hali ya idadi ya nyuki katika eneo fulani kushuka mwaka hadi mwaka kwa kiwango kisichoweza kufidiwa na uzazi wao wa kawaida. Maelezo hayo ni mepesi, lakini ndani yake yamo mambo matatu ambayo mara nyingi huchanganywa: makundi ya nyuki wa asali kufa ndani ya mizinga, mizinga kubaki mitupu kwa sababu nyuki wamehama, na aina za nyuki wa porini wasiofugwa na mtu kutoweka mahali walipokuwa wakiishi. Mfugaji wa Monduli anayelalamika kwamba nyuki wamekwisha na mtafiti wa Ulaya anayeandika hivyo hivyo huenda hawazungumzii jambo moja, na tiba ya tatizo la mmoja yaweza isimsaidie kabisa mwingine.

Hofu iliyoenea duniani kuhusu jambo hili ilianzia Marekani. Mnamo Novemba 2006, David Hackenberg, mfugaji mkubwa wa nyuki kutoka Pennsylvania aliyekuwa amepeleka mizinga yake Florida kukwepa baridi, alikuta sehemu kubwa ya mizinga hiyo haina nyuki. Kilichowashangaza watafiti ni kwamba mizoga haikuonekana ndani wala nje. Malkia alikuwapo pamoja na nyuki wachanga wachache, majana, yaani watoto wa nyuki, yalikuwapo kwenye masega, asali na chavua vilikuwapo, lakini nyuki vibarua waliokomaa walikuwa wametoweka. Na hata nyuki wa mizinga mingine, ambao kwa kawaida hukimbilia kupora mzinga usio na ulinzi, walichelewa kuingia humo. Katika majira hayo ya baridi ya 2006 hadi 2007, baadhi ya wafugaji wa Marekani waliripoti kupoteza kati ya asilimia 30 na 90 ya mizinga yao. Hali hiyo ilipewa jina la kusambaratika kwa makundi, na ingawa wengi huiita ugonjwa, kwa usahihi ni mkusanyiko wa dalili ambao haujapatikana kuwa na chanzo kimoja.

Mizinga yenye dalili hizo kamili ilipungua katika miaka iliyofuata, ila hasara yenyewe haikukoma. Uchunguzi unaofanywa kila mwaka miongoni mwa wafugaji wa Marekani umeonyesha mara nyingi kwamba takriban mbili ya tano ya makundi hupotea kwa mwaka. Hata hivyo wafugaji hao hugawa makundi yaliyosalia, hununua malkia wapya na kujaza mapengo, na ndiyo maana hesabu ya mizinga nchini humo haikuporomoka kwa kasi hiyo. Tena takwimu za Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa zinaonyesha kwamba idadi ya mizinga inayofugwa duniani imeongezeka tangu mwaka 1961. Kwa hiyo nyuki wa asali kama mnyama wa kufugwa hayuko ukingoni mwa kutoweka, na wanaotangaza hivyo wanatia chumvi. Kilichopanda ni gharama na kazi ya kumweka hai.

Huku Arusha na Moshi mambo yana sura nyingine, kwa sababu nyuki wenyewe ni wengine. Katika nyika za Monduli, Longido na Kahe anaishi nyuki wa savana, mkali na mwepesi kuondoka. Kwenye misitu ya juu ya Meru na Kilimanjaro anapatikana nyuki wa milimani, mweusi zaidi na mpole kiasi. Nyuki wa Afrika wana tabia ambayo nyuki wa Ulaya ni nadra kuwa nayo, nayo ni kundi zima kuuacha mzinga na kuhama. Maua ya mgunga yanapokwisha nyikani na ukame ukashika, makundi hupanda kuelekea maeneo yenye unyevu, kisha mvua zinapofika huteremka tena. Mzinga wa gogo uliotundikwa juu ya mti mwaka mzima unaweza kukaliwa wakati wa masika, ukawa mtupu katika miezi ya kiangazi, na ukapata kundi jingine mvua za vuli zinapoanza. Mfugaji anayekagua mara moja tu, tena mwezi wa Septemba, atasema nyuki wamekwisha.

Mzinga mtupu husomwa, na ni jambo la kusikitisha kwamba wengi huusafisha haraka kabla ya kuusoma. Kundi lililohama kwa kukosa malisho hujiandaa: malkia huacha kutaga, majana ya mwisho huanguliwa, asali huliwa, na masega hubaki makavu na matupu kama kwamba nyumba imefagiliwa. Kundi lililofukuzwa na siafu, moto, joto kali au nyegere huondoka ghafla na kuacha majana na asali nyuma. Nyuki waliouawa na sumu huanguka kwa wingi mbele ya mlango wa mzinga, wengi wao wakiwa wametoa ulimi nje, na mara nyingi huwa wamekufa ndani ya siku moja au mbili baada ya shamba la jirani kupigwa dawa. Kuhusu utando mweupe wa viwavi wa nondo wa nta, ambao wafugaji wengi huulaumu, kwa kawaida nondo huyo huja baada ya kundi kudhoofika au kuondoka. Kumfanya yeye mshitakiwa wa kwanza ni kumwacha mhalifu aende zake.

Kati ya sababu zinazotajwa na watafiti, iliyofanyiwa kazi zaidi ni utitiri uitwao Varroa. Kiumbe huyu mwekundu-kahawia, mwenye umbo la kaa na upana wa takriban milimita moja na nusu, asili yake ni nyuki wa Asia, ambaye ameishi naye kwa muda mrefu bila kuangamizwa. Alipohamia kwa nyuki wa asali wa Ulaya hali ikawa tofauti. Utitiri jike huingia katika tundu la jana muda mfupi kabla halijafunikwa, hutaga humo, na watoto wake hukua kwa kumla nyuki anayeendelea kukua. Madhara makubwa zaidi hutokana na virusi anavyovisambaza, hasa kirusi kinachowafanya nyuki wazaliwe na mabawa yaliyojikunja wasiweze kuruka. Ulionekana Marekani mwaka 1987 na Afrika Kusini mwaka 1997, na mwaka 2009 ulithibitishwa kuwapo Kenya na Tanzania.

Kuwapo kwake hapa hakukuleta maangamizi yaliyotarajiwa. Uchunguzi uliofanywa katika maeneo mbalimbali ya Kenya na kuchapishwa mwaka 2014 ulikuta utitiri huo karibu kila mahali, lakini haukupata uhusiano kati ya wingi wake na udogo wa makundi, na pia ulikuta kwamba utitiri huongezeka kadiri mtu anavyopanda kwenye mwinuko, jambo ambalo wafugaji wa miteremko ya Kilimanjaro na Meru wana sababu ya kulizingatia. Sababu za uimara wa nyuki wetu zinazotajwa ni kadhaa: hujisafisha na kusafishana miili, huondoa majana yaliyoathirika, hukua kwa muda mfupi kidogo ndani ya tundu lililofunikwa, na tabia yao ya kutoa makundi mara kwa mara na kuhama hukatiza kizazi cha utitiri. Zaidi ya hayo, wafugaji wa hapa hawakuwatibu kwa kemikali, hivyo makundi dhaifu yalikufa na yenye nguvu yakabaki. Anayefikiria kuagiza malkia wapole kutoka nje ya nchi ili asichomwe afikirie kwanza kwamba anaweza kuwa anaagiza udhaifu pamoja na upole.

Tishio lililo karibu zaidi na mfugaji wa Arumeru au Hai ni viuatilifu. Ngarenanyuki inasifika kwa nyanya, na mahali penye nyanya, matango au matikiti mengi pana bomba la mgongoni linalofanya kazi karibu kila wiki. Mkulima hupenda kupiga dawa asubuhi kabla jua halijawa kali, na saa hizo hizo, kuanzia kama saa mbili hadi saa sita, nyuki ndio wako kwenye maua kwa wingi. Kuna pia desturi ya kuchanganya dawa ya wadudu na ya ukungu katika bomba moja ili kuokoa kibarua. Baadhi ya dawa za ukungu, ambazo peke yake hazimuui nyuki kwa urahisi, hudhoofisha uwezo wa mwili wake kuvunja sumu, na hivyo dawa ya wadudu iliyochanganywa nazo huwa kali kwake kuliko lebo inavyoashiria.

Kundi la dawa lililozua mjadala mrefu zaidi duniani ni nionikotinoidi, ambamo imo imidakloprid inayojulikana katika maduka mengi ya pembejeo. Dawa hizi hufyonzwa na mmea na kusambaa hadi kwenye mbochi, yaani maji matamu ya ua, na kwenye chavua, kwa hiyo nyuki anaweza kuzila hata kama hakuguswa na mpulizo. Dozi ndogo haimuui papo hapo. Humpunguzia uwezo wa kukumbuka njia, na nyuki asiyekumbuka njia hafi mzingani, hufia huko alikokwenda. Umoja wa Ulaya uliwekea vikwazo dawa tatu za kundi hili mwaka 2013, na mwaka 2018 ukapiga marufuku matumizi yake nje ya vitalu vya kudumu vilivyofunikwa. Hapa nchini usajili na udhibiti wa viuatilifu uko chini ya Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, ambayo makao yake makuu yako Ngaramtoni, Arusha. Hata bila sheria mpya, kuhamishia upigaji dawa jioni na kumwarifu jirani mwenye mizinga siku moja kabla kungepunguza vifo vingi.

Malisho nayo yamepungua, na hili huonekana kwa macho. Kihamba cha Kichaga cha zamani, yaani shamba linalozunguka nyumba, kilikuwa na migomba na kahawa chini ya mringaringa, mruka na miti mingine, na karibu kila mwezi palikuwa na kitu kinachochanua. Pale ambapo miti hiyo imekatwa kwa mbao, kahawa ikang'olewa na kiwanja kikajengwa au kulimwa mahindi matupu, nyuki hubaki na chavua ya mahindi kwa majuma machache na bila mbochi. Tambarare, mgunga unaoishia kuwa mkaa ni malisho yaliyopotea kwa miaka mingi. Ukame huongeza uzito: ule wa 2021 na 2022 uliomaliza mifugo Simanjiro na Longido uliwanyima pia nyuki maua na maji.

Kuna sababu nyingine ambayo wafugaji hawaipendi kuisikia, nayo ni urinaji. Kurina kwa mwenge wa moto, kukata masega yote pamoja na yenye majana na kutowaachia nyuki akiba ya kiangazi ni kulivunja kundi kwa mikono. Magonjwa ya bakteria na ya vimelea vya tumbo yapo pia, lakini kwa hali ya hapa mimi nisingeyatanguliza.

Watafiti wengi leo wanakubaliana kwamba sababu hizi hazifanyi kazi peke yake. Nyuki aliyekosa chavua ya kutosha huwa na kinga dhaifu, sumu kidogo ambayo angeistahimili humlemea, na kirusi kilichokuwa kimetulia huamka. Ndiyo maana utafutaji wa mshitakiwa mmoja tangu 2006 haukufika popote.

Upande ambao hausikiki sana, na ambao kwa maoni yangu ndio mzito zaidi, ni wa nyuki wasiofugwa. Duniani zipo aina zaidi ya 20,000 za nyuki, na nyingi kati yake huishi peke yake ardhini, kwenye mashina au ndani ya mbao. Ripoti ya kimataifa ya mwaka 2016 kuhusu wachavushaji ilieleza kwamba zaidi ya robo tatu ya aina kuu za mazao ya chakula hutegemea uchavushaji wa wanyama angalau kwa kiasi fulani. Marekani ilimwingiza nyuki mmoja wa porini mwenye manyoya, Bombus affinis, katika orodha ya viumbe walio hatarini mwaka 2017, wakati mizinga ya nyuki wa asali nchini humo ilikuwa inahesabiwa kwa mamilioni. Mfugaji anaweza kugawa kundi lake na kurudisha hesabu. Nyuki hawa hawana wa kuwagawa.

Kazi yao hapa nyumbani si ndogo. Utafiti uliofanyika kwenye kahawa ya Kilimanjaro na kuchapishwa mwaka 2014 ulionyesha kwamba matunda ya matawi yaliyofikiwa na wachavushaji yalikuwa mazito zaidi kwa takriban asilimia 7, ingawa arabika inaweza kujichavusha. Ua la nyanya, kwa upande wake, huficha chavua ndani ya mirija inayotaka kutikiswa, na nyuki wa asali hana ufundi huo. Wanaoufanya ni pamoja na wale nyuki wakubwa weusi wanaotoboa mbao za paa, ambao hulikumbatia ua, hutetemesha misuli ya kifua kwa mlio unaosikika hatua kadhaa na kuondoka wakiwa na unga wa njano tumboni. Wenye nyumba huwaziba matundu au kuwamwagia mafuta ya taa kwa sababu wanaharibu kenchi, na nyuki wadogo wasiouma wanaoishi kwenye nyufa za kuta za udongo hupoteza makao ukuta wa tofali unapojengwa. Hesabu ya mizinga, ambayo ndiyo takwimu inayokusanywa kwa urahisi zaidi, haiwagusi wote hao.