Vijiti vya Nyanya na Komba wa Rondo

Ninapoitwa kukagua bustani iliyopakana na msitu wa Rondo, hapa mkoani Lindi, kabla ya mboga hutazama vijiti vinavyoshikilia minyanya. Vikiwa vyembamba, vimenyooka na ni vya miti ya kila aina, huwa najua kwamba vimekatwa msituni, katika vichaka vilivyo chini ya miti mikubwa, na hapo ndipo anapowinda komba wa Rondo.

Komba huyu asichanganywe na yule mkubwa anayelia usiku minazini, ambaye wagema humlaumu kwa kuwanywea tembo lao. Komba wa Rondo ana uzito wa gramu 60 hivi, kiasi cha yai la kuku, na mkia wake una manyoya yaliyosimama kama brashi ya kuoshea chupa. Anapatikana katika vipande vichache tu vya misitu ya pwani ya Tanzania, kikiwemo kile cha Litipo karibu na Rutamba, na chakula chake kikubwa ni wadudu anaowatafuta chini, vichakani na kwenye majani makavu. Sidai kwamba atahamia bustanini kwako, kwa kuwa yeye ni wa msituni hasa. Ninachosema ni kwamba vijiti vya nyanya visipotoka kwake, kichaka chake kitabaki.

Kwa sababu hiyo huwashauri wakulima wapande mijohoro mpakani mwa shamba, kwa kuwa mti huo ukikatwa huchipua tena kisikini, ukatoa vijiti, fito na kuni bila mtu kuvuka mpaka wa hifadhi. Mahindi na ndizi ziwe mbali na ukingo wa msitu, maana ngedere hawahitaji kukaribishwa mara mbili.

Jambo linalozua ubishi zaidi ni ufagio. Uwanja uliofagiliwa ni heshima ya nyumba, tena humwezesha mtu kumwona nyoka mapema, na mimi sipingi hilo hata kidogo. Hata hivyo, mwisho wa bustani, mbali na mlango, majani makavu yaachwe yaoze: hutunza unyevu wa udongo katika miezi ya kiangazi, kuanzia Juni hadi Oktoba, na humo hujificha mijusi, vyura na buibui, ambao hula wadudu usiku na mchana bila kudai posho.

Mlimau nao usipuliziwe dawa kwa pupa. Viwavi wachanga utakaowakuta juu ya majani yake, wanaofanana na kinyesi cha ndege, ni watoto wa kipepeo mkubwa mweusi mwenye madoa ya manjano. Mguse mmoja kwa ujiti, naye atachomoa kichwani pembe mbili laini za rangi ya chungwa zenye harufu kali. Wakiwa wachache, mti mkubwa huwastahimili; mche mdogo ndio wa kuokolewa, na mkono unatosha kuwahamisha.

Kiangazi kikikaza, mimi huweka kivulini beseni la maji yasiyo na kina, huyabadilisha kila siku ili mbu wasizaliane, na hutia jiwe katikati ili nyuki wapate pa kutua. Shorewanda hufika alfajiri. Chozi huja baadaye, jua likishapanda, wakitokea kwenye maua ya mkomamanga.