Kabla hujajitolea kwa familia zenye usonji: je, Jumatano utakuja?

Vijana wanaokuja kituoni kwetu kuomba kujitolea huniuliza walete nini. Sabuni? Unga? Madaftari? Vyote tunavipokea kwa shukrani. Ila mimi huwa nina swali langu la kwanza: utaweza kuja kila Jumatano saa tatu asubuhi, miezi sita mfululizo? Hapo wengi hunyamaza kidogo.

Usonji ni tofauti katika ukuaji wa ubongo. Mtu huanza nao utotoni na huishi nao maisha yake yote. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mtu 1 kati ya 127 anao, kwa hiyo mtaani kwenu wapo, hata kama hujawahi kuwaona nje. Hauletwi na uchawi wala mkosi wa ukoo. Chanjo nayo imesingiziwa: makala ya mwaka 1998 iliyouhusisha usonji na chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela ilifutwa mwaka 2010 na jarida la Lancet lililoichapisha. Na wala si malezi mabaya. Hili nalitilia mkazo, maana akina mama wengi hufika kwetu wakiwa wameshalaumiwa na mawifi, majirani na hata waume zao.

Kwa wengi wenye usonji, honi ya bodaboda, harufu ya manukato au mwanga wa taa ya tyubu huingia kwa nguvu kuliko kwetu. Kinachowatuliza ni kujua kitakachofuata.

Hili nilifundishwa na mtoto wa miaka saba. Hasemi. Kila asubuhi hupanga vizibo vya soda dirishani, vyekundu upande mmoja, vya kijani upande mwingine. Siku moja nilimwonyesha kadi yenye picha ya bembea, maana yake twende tukabembee. Simu ikaita, nikapokea, muda ukapita, nikampeleka kunawa mikono kwa ajili ya uji. Alijitupa chini akaanza kujiuma kiganja. Kijana aliyekuwa akijitolea siku hiyo, kwa huruma kabisa, alitaka kumkumbatia. Nikamzuia. Tulizima redio, tukawatoa watoto wengine, tukaketi sakafuni hatua chache kutoka kwake, kimya. Ilichukua karibu nusu saa. Alipotulia nilimpa kadi ileile, tukaenda kwenye bembea, uji ukasubiri. Kwa asiye na maneno, kadi ile ndiyo neno langu, na mimi nilikuwa nimelivunja.

Kazi kubwa ya anayejitolea ni hiyo, kutimiza alichosema. Mengine hufundishika: usijipulize manukato, usimguse mtoto kwa ghafla, sema sentensi fupi kisha umpe muda wa kujibu. Usimpige picha. Tunadai pia barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa, na hakuna anayebaki peke yake na mtoto, hata awe mwema vipi.

Mlezi naye ni sehemu ya kazi. Mama mmoja, tulipompa saa mbili za kwanza za kupumzika, alikwenda kusuka nywele. Alirudi analia, akasema tangu mtoto azaliwe hajawahi kukaa kwa msusi mpaka nywele zikaisha. Saa mbili tu!

Ukumbuke pia kwamba unaingia nyumba iliyojengwa na wazazi. Uingereza, mwaka 1962, ni wazazi walioanzisha chama cha kwanza cha usonji nchini humo. Nairobi pia wazazi walijiunga mwaka 2003 wakaunda Autism Society of Kenya. Waulize kabla ya kuwashauri. Waulize pia watu wazima wenye usonji wenyewe, kwani watoto hawa hukua, wanataka kazi, marafiki na nauli yao mfukoni, na wengi wanaweza kukueleza vizuri kuliko mimi. Akija mtu anauza dawa ya kuondoa usonji, usimpe namba ya familia yoyote.

Na ukijua Jumatano ijayo hutafika, tuambie Jumanne. Picha yako ipo kwenye ubao wa ratiba. Tutaibandua mapema, tumwonyeshe mtoto, ili asisimame mlangoni tangu saa mbili akikungoja.