"Mimi Mweusi, Jua Litanifanya Nini?"

Mteja wa mwisho kuniambia maneno hayo alikuwa amemwaga pochi yake juu ya meza yangu: seramu tatu, krimu mbili na sabuni, vyote vya kuondoa madoa, vyote vimenunuliwa ndani ya miezi minane. Madoa yapo palepale. Nikamuuliza, "Na ya jua unapaka ipi?" Akacheka. "Dada, mimi mweusi, jua litanifanya nini?"

Nikampa kioo. Shavu lake la kulia lilikuwa limekolea kuliko la kushoto, na madoa yalipanda upande huohuo mpaka kwenye paji la uso. Kila siku anaendesha gari kutoka Mbagala hadi Posta na kurudi, na kwa magari yetu dereva hukaa kulia, dirisha likiwa kulia kwake. Alijitazama muda mrefu bila kusema kitu.

Dhana hii inanichosha kuliko zote kwa sababu nusu yake ni kweli, na nusu hiyo ndiyo inayowaponza watu. Melanini, rangi ya asili ya ngozi, inakinga, hilo halina ubishi. Ngozi nyeusi sana ina kinga ya asili inayokadiriwa kuwa kama SPF 13 (SPF ni ile namba ya kinga inayoandikwa kwenye krimu za jua), wakati ya Mzungu ni kama 3. Ndiyo maana tunashinda ufukweni na hatubabuki kama mgeni aliyeshuka Zanzibar juzi. Lakini SPF inapima kitu kimoja tu, nacho ni kuungua. Haipimi madoa, na wanaokuja kwangu hawaji kwa sababu wameungua. Wanakuja kwa sababu ya madoa.

Seli zinazotengeneza rangi ya ngozi hazitofautiani sana kwa idadi kati ya mtu mweusi na mweupe. Zinatofautiana kwa kazi: zetu hutengeneza chembe kubwa zaidi za rangi na kuzisambaza kila mahali. Seli zilizo macho kiasi hicho hazihitaji kuchokozwa sana. Ukitumbua chunusi, zinamwaga rangi. Ukijisugua kwa dodoki mpaka ngozi ikawasha, zinamwaga rangi. Jua likipiga pale palipoumia, zinaongeza. Mwenye ngozi nyeupe hubaki na wekundu, sisi tunabaki na doa jeusi kwa miezi kadhaa, na kila mchana unaopita bila kinga unalirudisha nyuma doa lililokuwa limeanza kufifia. Zile seramu tatu zilikuwa zinafanya kazi usiku, na jua linaivunja kazi yao asubuhi.

Na si miale ya UV peke yake, ile ya jua isiyoonekana kwa macho. Mwanga wa kawaida tunaouona kwa macho, hasa wa upande wa bluu, huikoleza ngozi ya maji ya kunde na nyeusi, na weusi huo hukaa. Kwa ngozi nyeupe sana hauleti weusi wa aina hiyo. Kwa hiyo katika jambo hili sisi ndio tulio hatarini zaidi, kinyume kabisa na tunavyoambiana saluni. Kioo cha kawaida cha dirisha kinazuia UVB, miale ya UV inayounguza, lakini UVA, inayopenya ngozi kwa kina zaidi, nyingi inapita, na mwanga wenyewe unapita karibu wote. Ndiyo habari ya yule dada na shavu lake.

Sanskrini, yaani krimu za kukinga jua, nyingi zikiwa hazina rangi haziuzuii mwanga huo. Kinachouzuia ni oksidi ya chuma, rangi ileile inayoipa fandesheni ukahawia wake. Mwenye madoa namwambia atafute sanskrini yenye rangi, SPF 30 kwenda juu, na boksi liseme wazi kwamba inakinga UVA pia. SPF 30 huzuia takriban asilimia 97 ya UVB, na 50 takriban 98, kwa hiyo usijikamue mfuko kutafuta 100. Kiasi cha uso na shingo ni mistari miwili, mmoja juu ya kila kidole, cha shahada na cha kati. Ukishinda nje, rudia kila baada ya saa mbili. Fandesheni iliyoandikwa SPF haitoshi, maana hakuna anayepaka fandesheni nene kiasi hicho.

Najua mtaniambia sanskrini inawaacha kama mmepakwa unga. Malalamiko hayo ni ya haki. Zinki na titani, viambato vinavyokinga jua kwenye sanskrini nyingi, ni nyeupe, na kwa miaka mingi watengenezaji hawakufikiria uso wa mtu mweusi. Yenye rangi inaondoa tatizo hilo, ilimradi rangi yenyewe iendane na yako. Kama huipati, mwavuli na mtandio vinasaidia kweli. Na kama pesa ya mwezi huu inatosha chupa moja tu, acha seramu, nunua sanskrini. Hilo nitalisema mpaka nistaafu.

Sitaji saratani ili kumtisha mtu. Kwa mtu mweusi melanoma, saratani ya ngozi iliyo hatari, ni nadra, na ikitokea mara nyingi huwa nyayoni, viganjani au chini ya kucha, mahali ambapo jua si chanzo. Ya Bob Marley, aliyefariki 1981, ilianzia kwenye kidole gumba cha mguu. Kwa ndugu zetu wenye ualbino mambo ni tofauti kabisa. Wao ile kinga ya 13 hawana, kwao sanskrini ni uhai, na ndiyo maana kule Moshi kunatengenezwa Kilisun, sanskrini iliyobuniwa kwa ajili yao.

Dhana nyingine nitazipitia haraka.

"Ngozi yangu ya mafuta, losheni ya nini tena?" Mafuta na maji ni vitu viwili. Ngozi inaweza kung'aa kwa mafuta huku imekaukiwa maji, hasa ikioshwa kwa sabuni ya mche mara nne kwa siku. Tafuta losheni nyepesi ya jeli. Mafuta ya nazi yaache kwenye miguu. Kwenye uso wenye chunusi huziba vinyweleo.

Limau na ndimu ni za kachumbari. pH, kipimo cha ukali wa asidi ambapo namba ndogo ndiyo kali zaidi, ya limau ni kama 2, ya ngozi ni kama 5, na maji ya ndimu yakikutana na jua juu ya ngozi yanaweza kuunguza na kuacha weusi uleule unaoukimbia.

Krimu ya kopo lisilo na orodha ya viambato, inayong'arisha kwa wiki moja, siigusi na msiniombe niichanganye. Humo mara nyingi mna dawa kali kama steroidi na haidrokwinoni, au zebaki ambayo ni sumu. Aliyekwisha kuitumia muda mrefu asiiache ghafla peke yake, uso unaweza kuwaka vibaya. Aende kwa daktari wa ngozi na kopo lake mkononi.

Halafu bibi harusi. Kila msimu mama mmoja ananiambia, "Mpake nyeupe kidogo, ang'ae." Fandesheni iliyozidi weupe juu ya ngozi nyeusi inageuka kijivu, na kwenye picha uso na shingo vinaonekana vya watu wawili. Mng'ao unatokana na ngozi iliyolainishwa vizuri na rangi iliyolingana na rangi ya ndani ya ngozi yako, iwe ya manjano, wekundu au dhahabu. Watu wawili wanaweza kuwa weusi sawasawa na wasitumie chupa moja. Usipimie mgongo wa mkono. Chora mstari kwenye taya, toka nje ya duka kwenye mwanga wa mchana, subiri dakika 15, maana nyingine hukolea zikikauka. Rangi inayopotea pale tayani ndiyo yako.